Paka Aliyeng'ata Mkono wa Mama

Kwa Mama, Machame,
Wilaya ya Hai.
Jumatatu, 18 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Brenda,

Bwana Yesu asifiwe! Habari za huko Newala? Shemeji Wilson hajambo? Na Lucky, ule mguu alioteguka kwenye mpira umeshapona, au bado anausingizia kila akitumwa maji? Sisi huku ni wazima. Mvua za vuli zimeanza kwa adabu, hazijaangusha mgomba hata mmoja. Kahawa tumemaliza mchumo wa mwisho, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike mwenye kelele kuliko kwaya ya vijana. Goti langu linanisumbua nikiteremka, nikipanda halisemi kitu, kwa hiyo siku hizi natafuta safari za kupanda tu.

Mama hajambo. Nimelisema hilo mapema kwa sababu najua macho yako yanalitafuta tangu ulipofungua bahasha.

Ningeweza kukupigia, lakini wewe na mimi tunazijua simu zetu. Dakika tatu ni za kuulizana kama tunasikiana, mbili za mvua, kisha mtandao unakatika pale pale habari inapoanza kunoga. Isitoshe, kaka Eliufoo ameshaniwahi. Nimesikia alivyokueleza, kwamba nimeleta nyumbani mnyama anayemtafuna mama mikono, na kwamba namtetea mnyama kuliko mama. Sasa jimiminie chai, ukae, usikie upande wa mshtakiwa.

Unakumbuka tulivyokuwa mwezi Machi, baada ya kumzika baba. Mlipoondoka wote, nilibaki na mama na ng'ombe. Mama aliacha kukaa barazani. Aliacha kuchambua maharage, akaacha hata kunigombeza, na mimi niliyezoea kugombezwa tangu utoto nikaona nyumba imekuwa ya watu wengine. Chakula alikuwa anakula vijiko vitatu, halafu anakwenda kulala ameelekea ukutani, mchana kweupe. Mchungaji alikuja akaomba naye. Kina mama wa kikundi walikuja wakaimba. Aliwashukuru vizuri sana, "Aika mae, aika," na walipofika tu getini akaugeukia ukuta wake. Sikukuambia haya kwenye simu kwa sababu ungelia, na mimi nikisikia mtu analia siwezi kujizuia.

Mwezi wa nane panya wakaingia stoo, wakaanza na gunia la maharage. Paka wa jirani yetu Grace alikuwa amezaa nyuma ya magunia yake ya kahawa, nikaenda kuomba mtoto mmoja. Grace alinionya kwamba bado wananyonya. Mimi na haraka zangu nikasema atazoea, nikamtia kwenye kikapu nikaondoka naye. Alikuwa mweusi tii, ila shingoni ana mstari mweupe kama kola ya mtumishi wa kanisa. Nilimwingiza chumbani kwa mama, nikamweka kitandani. Mama akageuka, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Machi akacheka.

"Huyu mbona ni mwinjilisti?" akasema.

Jina likashika hapo hapo. Eliufoo, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, hataki kulisikia. Yeye husema "kitu chenu."

Brenda, usione kama natia chumvi. Kesho yake mama aliamka mwenyewe, akachukua ungo, akatoka barazani kumtafuta Mwinjilisti. Wiki haijaisha alikuwa ananiambia chai yangu haina tangawizi na kwamba nafagia kama mtu anayefukuza nyuki. Nilifurahi kugombezwa, nusura nimkumbatie.

Lakini kile kipaka kilikuwa na meno kama sindano na kucha kama miiba ya michongoma. Kilijificha nyuma ya mlango kusubiri vifundo vya miguu ya watu. Kilipanda kanga yangu nikiwa nimeivaa. Siku moja Eliufoo alikuja kutoka Majengo, kule mjini, na viatu vyake vya wazi, tukakaa mezani, akaanza kuomba. Unajua sala zake za chakula zilivyo ndefu. Alikuwa bado anawaombea wasafiri wa angani na baharini, Mwinjilisti akalikamata dole gumba la mguu. "Amina" siku hiyo ilikuja kabla ya wakati wake, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kanisani. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Eliufoo hakucheka.

Mwezi wa kumi mambo yakaacha kuchekesha. Mkono wa kulia wa mama ulivimba, kidole cha shahada kikawa chekundu mpaka kwenye kiungo. Nilimpeleka zahanati, nesi akausafisha, akampa dawa, kisha akaniita pembeni. Aliniambia mtu mwenye kisukari hapaswi kupata jeraha la mkono hata dogo, maana linaweza kuanza na mkwaruzo likaishia kwenye kukatwa kidole.

Jumamosi iliyofuata Eliufoo alipanda kutoka mjini, akaiona bandeji.

"Hellen, kitu chenu kinaondoka leo. Kuna rafiki yangu kule Masama ana mashine ya kusaga, panya wamemjaa. Kitapata kazi."

Mama alimtoa paka mapajani polepole, akainuka, akaingia chumbani. Tulisikia kitanda kikilia. Mlango aliuacha wazi, na pale tulipokaa tuliuona mgongo wake umetugeukia.

Nikamwambia kaka anipe wiki tatu.

"Za nini? Utampeleka shule ya Jumapili?"

"Nitamfundisha asing'ate."

Alitaka kucheka, kisha akautazama tena ule mlango. Akasema sawa, wiki tatu, mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Akikuta alama mpya kwenye mkono wa mama, hata moja, paka anakwenda Masama siku hiyo hiyo. Nilikubali. Nilikuwa namwogopea mama, Brenda, pande zote mbili. Paka akibaki, mkono unaweza kuoza. Paka akienda, mama anarudi ukutani, na sikuwa na uhakika kama atageuka tena.

Nilianza vibaya. Siku ya kwanza nilimchapa kwa ncha ya kanga kila alipong'ata. Akadhani ni mchezo mpya, akawa anakuja kung'ata ili achapwe. Siku ya pili nikajipaka pilipili vidoleni, nikisema akionja atakoma. Paka alinusa akaenda zake. Mimi nikasahau, nikajifuta jicho. Sitaki kulizungumzia zaidi.

Aliyeniokoa ni bwana mifugo wetu, Calvin, alipokuja kumwangalia ndama. Nilimwomba amchanje na paka chanjo ya kichaa cha mbwa, akamchanja, na wakati anafungasha vifaa akaziona alama mikononi mwangu.

"Huyu mlimtoa kwa mama yake mapema, eti?" akaniuliza.

Nikamwambia alikuwa bado ananyonya. Akatikisa kichwa.

"Basi hajasoma, mama. Paka wakicheza na ndugu zao, akimng'ata mwenzake sana, mwenzake anapiga kelele anaondoka. Mchezo umekwisha. Ndiyo shule yao hiyo. Sasa mwalimu ni nyie. Mikono isiwe kitu cha kuchezea, kabisa. Akikushika usivute, ukivuta anaona ni panya anakimbia. Tulia, sema 'ai!' halafu mpe mgongo. Na nyumba nzima mfanye hivyo hivyo, siyo huyu anakataza, yule anachekelea."

Kwa hiyo nyumba nzima tukaanza kusema "ai!" Nilichukua ganda kavu la mgomba, nikalifunga kwenye kamba ya katani, kamba kwenye fimbo, na kila asubuhi na jioni nikawa nalikokota kihambani nyuma ya nyumba, Mwinjilisti akilirukia mpaka achoke. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwenye goti bovu, nazunguka migomba naburura ganda. Grace alikuja kuomba chumvi akanikuta hivyo, akageuka akarudi kwake bila chumvi. Kisiki cha ule mbuni mzee karibu na jiko nikakizungushia kipande cha gunia ili akwaruze hapo, na akikwaruza hapo nampa dagaa mmoja. Nilipokuwa namlisha nilimzoesha pia kushikwa nyayo, nikamkata ncha za kucha kidogo kidogo, kama Calvin alivyonionyesha.

Tatizo ni kwamba na mimi nilifundishika. Jumapili moja tunatoka ibadani, mama mmoja wa kwaya akanikanyaga mguu. Nikasema "Ai!" kwa nguvu, nikampa mgongo, nikasimama hivyo nikisubiri. Mpaka leo anauliza watu amenikosea nini.

Wiki ya pili ilipokwisha, mimi nilikuwa sing'atwi tena. Grace alikuwa hang'atwi. Mwinjilisti alikuwa anakugusa kwa unyayo, kucha amezificha, anakutazama kama anayebisha hodi. Lakini mama, Brenda! Kila baada ya siku mbili mkono wa mama una vidoa vipya vya meno. Vidogo, lakini vipo. Nikimuuliza anauficha ndani ya kitenge.

"Ni miiba ya kahawa," ananijibu.

Mbuni hauna miiba. Mama anajua, mimi najua, na yeye anajua kwamba najua.

Nilichanganyikiwa. Siku zilikuwa zinakwisha na sikuelewa kwa nini paka anayewaheshimu watu wote anamng'ata mtu mmoja tu, tena yule anayempenda kuliko wote. Kwa hofu yangu nilimwomba hata Mungu, nikaona haya katikati ya maombi, nikaendelea.

Jumatano iliyopita ndipo nilipopata jibu. Unakumbuka mama anavyomenya ndizi? Wenzake wote wanajipaka mafuta ya kupikia ili utomvu usigande mikononi. Yeye tangu tukiwa wadogo anajipaka samli, na sisi alitufundisha hivyo, na tukitaka mafuta ya dukani anatuuliza kama ng'ombe wake amekufa. Sasa Jumatano hiyo hatukuwa tunamenya ndizi. Nilikuwa nimepika wali tangu asubuhi. Nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe, nimepita nyuma ya jiko na mzigo wangu kichwani, nikamwona mama kwa tundu la dirisha. Alichovya vidole viwili kwenye kopo la samli. Akavipaka vizuri, kimoja kimoja. Akatazama mlangoni kama mtoto anayeiba sukari. Kisha akaketi, akaita kwa sauti ndogo, "Mwinjilisti. Njoo, baba."

Paka akapanda mapajani, akaanza kulamba. Alilamba kwa upole kabisa. Samli ilipokwisha akaitafuta kwa meno, na mama hakusema ai, wala hakumpa mgongo. Alimwachia mkono, amefumba macho.

Nilitua majani pale pale, nikaingia.

"Mama, leo hatumenyi ndizi."

Alishtuka, mkono ukaenda kwenye kitenge. Nikajua nimekasirika. Nilimwambia yote, kuhusu nesi, kuhusu kidole kukatwa, kuhusu Eliufoo, kuhusu mimi kukimbia na ganda la mgomba mbele ya majirani. Nilipaza sauti kwa mama yetu, Brenda, na ninatubu kwako pia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kwa utaratibu:

"Hellen, wewe unanipa chakula. Unanipa dawa kwa saa yake. Nashukuru, mwanangu. Lakini baba yako alikuwa ananikata kucha kila Jumamosi, tangu macho yangu yaharibike. Anaushika mkono huu, anakata, anasimulia habari za ng'ombe, hata saa nzima. Tangu aondoke hakuna anayeushika, ila nesi. Naye anautoboa."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Naishi naye nyumba moja, naijua sukari yake ya asubuhi na ya jioni, na sikuwa nimemshika mkono tangu siku ya mazishi. Niliona haya kweli kweli. Nikakaa kwenye kigoda chini yake, nikauchukua mkono, unateleza kwa samli, mwepesi sana, na kucha ndefu. Nilikaa nao mpaka ng'ombe akaanza kudai majani yake.

Tukapatana. Samli ya Mwinjilisti itakuwa kwenye kisosi, na vidoleni haitakuwepo tena. Ndizi zitamenywa kwa mafuta ya alizeti, jambo alilolikubali kwa uso wa mtu anayehamishwa dini. Na yeye atasema ai kama sisi wengine. Nilitaka kumkata kucha siku hiyo hiyo, akakataa. Akasema bado. Sikumlazimisha.

Alhamisi paka alivijia vidole, akakuta havina kitu, akatia jino. Mama akasema "Ai!" akageuza uso. Nakuambia ilimuuma yeye kuliko paka. Alikuwa ananiuliza kila dakika kama adhabu haijatosha. Ijumaa paka alijaribu mara moja. Mchana akamlalia mapajani, akaacha mkono wa mama umpapase, hakuufungulia hata mdomo.

Jumamosi Eliufoo akafika. Alisalimia, "Shikamoo, mama," akaketi kwenye kiti chake cha siku zote karibu na mlango, kule mbali. Mwinjilisti alikuwa mapajani kwa mama. Kaka akakunja mikono ya shati, akasogeza kiti.

"Nipe mkono niuone."

Mama akampa. Akaugeuza juu na chini, akavaa miwani, akaugeuza tena. Vidoa vya zamani vilikuwa vimekauka, na vile vya Jumatano vilikuwa hafifu. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria ya mtori mkononi na nimesahau kwamba ni ya moto. Halafu, unavyomjua kaka, akataka kuhakikisha. Akachezesha vidole vyake mbele ya pua ya paka, jambo lile lile ambalo Calvin alilikataza.

Mwinjilisti akafumbua jicho. Akanyoosha mikono yote miwili, akakikumbatia kidole cha Eliufoo, akakivuta, meno yakakigusa.

"Ai," akasema mama, taratibu tu.

Akakiachia. Akakinusa, akalala tena.

Eliufoo alikifuta kidole kwenye suruali. Nilidhani anatafuta kosa lingine. Lakini mkono wa mama ulikuwa bado uko kwake, na alikuwa anautazama.

"Mama, kucha zako mbona ndefu hivi?"

"Alikuwa ananikata baba yako."

Sikuwa nimemwambia kitu, Brenda, naapa. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo zake, zile zenye kikatio cha kucha. Akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana. Kaka yetu, na yale makono yake ya useremala, alikata kucha zote kumi, moja baada ya nyingine, huku akimsimulia mama habari za mbao za mninga na mteja mmoja anayetaka kabati lisilopita mlangoni kwake. Alichukua muda mrefu. Mtori ulipoa, na hakuna aliyeuulizia.

Alipomaliza hakuuachia mkono mara moja. Alisema Jumamosi ijayo atakuja na mkasi mdogo, maana kikatio chake kimekuwa butu. Kuhusu paka alisema tu kwamba panya wa Masama watafute mtu mwingine. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuangalia ndama, akakaa huko muda, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasingizia moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Basi hiyo ndiyo kesi yote. Mama sasa yuko barazani kutwa. Jana amekula sahani nzima ya kiburu na kuniambia nimezidisha chumvi.

Nimalizie kwa ombi. Desemba mje, wote watatu. Mwambie Lucky mapema kwamba paka hachezewi kwa vidole. Kamba na ganda la mgomba nimeshamwekea. Na wewe, gari likisimama, mizigo waachie wengine. Pita moja kwa moja barazani kwa mama, na usiwe na haraka ya kuingia ndani.

Msalimie sana shemeji Wilson, na umbusu Lucky hata kama anajiona mkubwa. Grace anakusalimu, na Eliufoo pia, ingawa hatakiri kwamba nimekuandikia haya. Mungu aliyetufikisha hapa baada ya mwaka mgumu awalinde njiani mpaka mwone mlima.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikikaa kimya,
Hellen.

Mama ameniambia nimwachie nafasi hapa chini aandike mwenyewe. Uvumilie mwandiko, miwani ameikataa.

Brenda mwanangu. Dada yako ametia chumvi. Paka hajambo. Mkono umepona. Njoo uushike.
Mama yako.